Chai ya Barafu ya Kibo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimepiga magoti kando ya ukuta wa barafu juu ya Kibo, kilele cha mlima Kilimanjaro, nabanja kipande kwa panga huku meno yanagongana. Nilikuwa kijana, nimevaa sweta mbili za kuazima. Nilitaka kuipeleka barafu ile kijijini kwetu Msimbu.

Usicheke kwanza. Nikueleze mtu anavyofika mahali pa kufanya jambo kama hilo.

Leo ukishuka Kisarawe ukauliza chumba cha picha kiko wapi, hata kipofu atakuonyesha kwangu. Nyumba ya bati, sakafu ya saruji, mlango nimeupaka buluu. Kibaha, Mzenga, kote huko harusi haijawa harusi mpaka kamera yangu isimame kwa miguu yake mitatu. Sikurithi hata msumari. Shule sikuijua, chuoni kwa maalimu niliishia juzuu ya kwanza, basi. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kweli ndiyo habari yenyewe ninayotaka kukupa.

Wakati ule nilikuwa Dar es Salaam kwa fundi mmoja wa picha, Mhindi, nikiosha filamu katika chumba cha giza. Na moyo wangu ulikuwa kwa Mwanahawa, binti wa Mzee Mwinshehe wa Msimbu. Posa nilikwishapeleka. Shida ilikuwa mdomo wangu. Kila nikirudi kijijini nilikuja na jipya: mara nimekula sahani moja na liwali, mara nimepanda motokaa ya gavana. Mzee Mwinshehe, mkulima wa mihogo, alikuwa akinisikiliza huku akiendelea kumenya mihogo yake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilidhani yangu inafika Tabora.

Ndipo Bwana mmoja mpima ardhi akapata likizo, akataka kwenda kaskazini kupiga picha za wanyama wa porini na ile barafu ya mlimani. Akamwomba tajiri wangu mtu anayejua filamu, nikachaguliwa mimi. Nikakimbilia Msimbu kuaga. Nikamwambia mzee nakwenda kwenye mlima ambao maji yake yamekuwa mawe, jua linayapiga wala hayaishi. Alikuwa anachonga mpini. Akauweka chini.

"Kondo," akasema, "maneno yako ni shamba kubwa, lakini mavuno sijayaona. Nenda. Ukirudi na ushahidi, tutakaa kitako tuzungumze habari ya mtoto. Ukirudi na maneno matupu, hata njia ya kisimani kwangu usiipite."

Tukaenda kwa meli hadi Tanga, kisha gari moshi hadi Moshi. Mpishi wetu alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi mwenye mvi. Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani tangu misafara ya mababu. Mtani hukutukana mbele za watu, hukunyang'anya kofia akaivaa, nawe ukinuna umejiaibisha mwenyewe. Nilipomweleza safari yangu na sharti la Mzee Mwinshehe, akaanza kuniita Bwana Harusi wa Mihogo. Nami nikamwambia yeye alizaliwa na mzigo kichwani, mkunga akapokea mzigo kwanza. Tukapatana.

Mbugani ndiko nilikojifunza kazi. Bwana alilala kifudifudi nyuma ya kichaka tangu alfajiri, akimngoja twiga, na mimi kando yake na mfuko mweusi wa kubadilishia filamu, nimekatazwa hata kukohoa. Kwa mtu wa mdomo kama mimi, ile ilikuwa adhabu. Lakini subira yavuta heri. Twiga akaja mwenyewe, akainamisha shingo, akatutazama kwa zile kope zake kama bibi harusi anayefunuliwa ushungi. Picha ile ningali nayo ukutani.

Kisha tukapanda mlima. Kule juu, mwanangu, mwanga unashuka kutoka mbinguni na unapanda kutoka chini. Barafu imesimama kuta kwa kuta, ndefu kuliko minazi, na ndani yake mna rangi ya samawati ambayo kamera haiijui. Bwana akanionyesha namna ya kulibana jicho la kamera mpaka libaki tundu la sindano, maana ukililegeza, filamu yote inaungua kwa weupe. Nilitetemeka, na machozi yalinitoka kwa baridi, lakini nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuisahau.

Hapo ndipo nilipochukua panga. Dar es Salaam nilikuwa nawaona watu wakibeba barafu ya mashine, wanaifukia katika unga wa mbao, inafika sokoni ingali jabali. Nikajiambia, kama ya mashine inafika, hii ya Mungu itashindwaje? Nikaifunga katika kikoi na nyasi kavu. Kisha nikaitia kwenye sanduku la bati lililofunikwa blanketi, kwa kuwa ndilo lenye ubaridi kuliko yote. Ndilo pia lililokuwa na filamu zetu zote.

Jioni, kwenye kambi ya msituni, nilikuta sanduku liko wazi na kikoi changu kimeanikwa. Mzee Maganga amekaa kando ya moto, sufuria inachemka.

"Karibu chai, Bwana Harusi," akasema.

"Mzee, barafu yangu iko wapi?"

"Si hiyo inachemka? Mtani wako nimeona kiu."

Nilitaka kumrukia. Wapagazi wote walikuwa wananitazama waone kama Mzaramo atanuna. Nikakaa, nikapokea kikombe. Ndipo akaniambia kwa sauti ndogo kwamba maji yalikwishaanza kutiririka chini ya sanduku, mikebe ya filamu imelowa kwa nje, na Bwana hajajua.

"Sasa nitamwonyesha nini mkwe?" nikamwuliza.

"Ungemfikishia maji," akasema. "Mjukuu wangu, mtu haaminiwi kwa alichobeba. Huaminiwa kwa alivyozoea kusema."

Nikanywa ile chai. Ilikuwa na moshi, tena tamu.

Filamu zilisafishwa zikatoka salama, na Bwana akaniachia nakala mbili, ya twiga na ya barafu. Nikaenda Msimbu, nikaamkia, nikamwekea Mzee Mwinshehe picha ya barafu mkononi. Akaigeuza huku na huku.

"Hii chokaa," akasema.

Nilikuwa na maneno mazito tayari kinywani, nayajua kama shahada. Nikayaacha. Nikamsimulia kama ilivyokuwa: nililia kwa baridi, nikakata barafu, nikaitia penye kazi ya watu, nusura niharibu safari nzima, na mtani akanifanyia chai. Mzee akatikisika mabega. Kisha akacheka mpaka akafuta macho kwa kanzu, akamwita mkewe aje asikie.

"Kondo," akasema, "mlima huo upo. Mwongo hajitungii hadithi ya kujichekesha mwenyewe. Lete wazee wako."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Tembea, uone mengi, na urudi usimulie. Ukiwa na la kujisifu, jisifu. Mimi sijaacha, wala sikukatazi. Lakini usilikate lile lililokushusha ukaacha lililokupandisha peke yake. Waachie watu na lile lililokufanya uchekwe, maana hilo ndilo shahidi wako. Na mtani wako akikunyang'anya kitu, cheka kwanza, kisha utazame amekuokoa na nini.

Mungu akupe safari ndefu na ulimi mwepesi wa kusema kweli, akupe na mtu wa kukuchemshia ujinga wako kabla haujalowesha kazi ya wenzako. Sasa sogea, pokea kikombe. Mwanahawa mwenyewe ndiye aliyeipika hii.