Fundi Aliyekataa Kuuza Amplifaya Kubwa

Fundi wa redio wa mtaa wa Chechelesi hakumuuzia mtu amplifaya kabla ya kukagua spika zake. Ulilazimika kuzibeba mwenyewe hadi dukani. Alisoma maandishi ya nyuma, akabonyeza karatasi ya spika kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayepima homa ya mtoto, kisha akasikiliza kwa sauti ya chini kabisa. Wiki moja mwaka 1983, mwenye jengo la duka alikuwa amempa hadi Ijumaa alipe kodi, la sivyo ahame. Alhamisi akaingia Mzee Ibrae, mfanyabiashara wa ng'ombe, na spika zake na pesa za mnada, akitaka amplifaya kubwa kuliko zote.

"Spika zako ni punda, mzee, na huu ni mzigo wa ngamia. Ukifungua sauti zitapasuka. Chukua hii ndogo, bei ni nusu."

"Hiyo wauzie walimu! Kwani pesa yangu inanuka?"

"Hainuki, mzee. Lakini kubwa sikuuzii."

Mzee alibeba spika zake, akaenda kununua kwingine. Fundi aliipangusa ile amplifaya kubwa vumbi, akairudisha rafuni kwa mikono miwili. Jumamosi alihama duka alilokuwa nalo kwa miaka tisa.