Laini Namba Kumi na Moja

Daktari alisema Jumatatu. Jumatatu wangemtoa Baba uvimbe wa kooni, na pamoja na uvimbe ingeenda sauti yenyewe, isirudi tena. Ilikuwa mwezi wa saba, 2007, baridi kali. Nikajiambia, basi nitairekodi. Kwani si mimi ndiye mwalimu wa kompyuta? Nilikuwa nafundisha watu kushika kipanya katika chuo kidogo orofani, Nakuru mjini, na nilikuwa na laptopu ya mtumba niliyoiwekea mfumo wa Linux kwa mikono yangu, kwa sababu ni ya bure na kwa sababu nilipenda kuonekana najua.

Jumamosi asubuhi nikapanda nayo nyumbani, Dundori. Nilimkuta Baba amevaa koti la kanisani na amenyoa ndevu. Mtu anarekodiwa sauti tu, lakini amenyoa! Alitaka kusimulia jinsi walivyofika kwenye shamba lile akiwa mtoto. Miaka yote alituonjesha hadithi hiyo vipande vipande, hakuwahi kuimaliza, maana kila mara ng'ombe atalia au mgeni atabisha hodi. Kuandika hakuweza, shule aliiachia darasa la pili.

"Si utumie ile redio ya kaseti?" Mama akaita kutoka jikoni. "Kaseti iko, na betri nimenunua."

"Aki Mama, kaseti ni mambo ya zamani. Hii yangu itakaa milele."

Baba akakohoa, akaanza. "Tulishuka hapa na mbuzi mmoja, na mama alikuwa..." Nikaona mstari wa sauti kwenye skrini unarukaruka ovyo, kama mashine inataka kukwama. "Ngoja, Baba! Nyamaza kwanza!" nikapiga kelele, na hapo hapo sauti ikakatika. Chini kukatokea maandishi ya Kiingereza: irq 11, nobody cared. Laini namba kumi na moja, hakuna aliyejali. Sikuyatunga mimi, ndivyo waliotengeneza ule mfumo walivyoyaandika.

Maana yake ni hii. Kila kifaa ndani ya kompyuta kikitaka kusikilizwa, kinaikatiza mashine kupitia laini yake, kama mtu anayebisha mlango. Kwangu, sauti na kadi ya mtandao na matundu ya USB vilikuwa vimerundikwa kwenye laini moja. Kimoja kikibisha, mashine haijui ni nani. Ikishindwa kabisa kumjua, inaifunga laini nzima, na sauti inakufa na wenzake.

Nyumbani kwetu hakuna aliyemkatiza Baba. Ukimkatiza, anachukua kofia anatoka nje. Siku ile hakutoka. Nilizima, nikawasha, nikamwambia, "Anza tena mwanzo, Baba." Angeweza kuendelea alipoachia, lakini mimi nilitaka faili moja, safi, bila kiraka. Ujinga mtupu. Akaanza tena na yule mbuzi. Nikaandika amri moja, ikakataa. Nikaandika nyingine, sauti ikatoka imekatwakatwa, kama kuku anadonoa bati.

"Mami," akaniambia tulipoanza mara ya tano, kwa jina alilozoea kuniita mimi binti yake, "kwani hiyo mashine yako iko na kesi na mimi?"

Tukacheka wote, na kicheko kikamkohoza mpaka akashika meza.

Jumapili, baada ya kanisa, Mama aliiweka ile redio mezani, karibu na kiwiko changu. Nikaisogeza pembeni nipate nafasi ya kufungua laptopu. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limekufa siku mbili. Nikafungua skrubu kwa ncha ya kisu cha jikoni, nikang'oa kadi ya mtandao, nikafunga, nikawasha. Nikajirekodi mwenyewe nikihesabu. Dakika moja. Dakika tatu. Hakuna maandishi, laini imetulia.

"Haiya! Imekubali! Anza, Baba!"

Baba akafungua mdomo, ikatoka pumzi. Akajaribu tena. Pumzi. Alikuwa ameanza ile hadithi mara tisa kwa siku mbili, na koo lile halikuwa limebakiwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeyatumia yote kwenye mbuzi mmoja. Mama aliiangalia redio, halafu akairudisha kabatini. Baba alinipigapiga begani, eti ananituliza mimi. Nilitamani anichape.

Jumatatu wakamtoa ile sauti.

Sasa ni 2008, na Baba yuko, anakunywa chai yake, ng'ombe anawaita kwa kugonga debe. Hadithi anayo yeye peke yake. Kati ya mara zote tisa ilibaki faili moja tu, ile ya kwanza, sekunde kumi na moja.

Nikienda Dundori, Mama hungoja Baba atoke kwenda kukamua, halafu anavuta kiti. "Niwekee," ananiambia. Namwekea. Tulishuka hapa na mbuzi mmoja, na mama alikuwa.

Ningeweza kulikata lile kelele langu la "Nyamaza" linalofuata, ni kazi ya dakika moja. Sijalikata. Sioni haki ya kumkatiza tena mtu yeyote kwenye faili hiyo. Kwa hivyo Mama huniomba kila mara, kwa upole, kabla sijabonyeza:

"Ebu uizime kabla hujaingia wewe."

Naweka kidole tayari juu ya kitufe, na kila mara nachelewa.