Bureti ya Ukutani

Celestina Kahigwa alikuwa na desturi ya kulifuta vumbi kabati la maabara kila Jumatatu, kwa nje. Kwa ndani hakuweza, maana ufunguo ulikaa mfukoni mwa mkuu wa shule. Nyuma ya vioo vyake zilipangwa bureti ishirini, mirija mirefu ya kupimia yenye koki chini, pipeti za kufyonzea, bika za kila kimo na flaski za koni, zote mpya, zote bado na vibandiko vya kiwandani. Wafadhili walizileta miaka minne iliyopita, wakapiga picha, wakaondoka. Tangu siku ile hakuna tone la tindikali lililowahi kuzigusa. Wageni walipofika shuleni hapo Buhongwa walionyeshwa kabati. Wanafunzi walionyeshwa ukuta.

Ukutani, Yakobo mchora mabango alikuwa amechora vifaa hivyohivyo kwa rangi ya mafuta, bureti ikiwa ndefu kuliko mtu. Celestina aliajiriwa kama fundi wa maabara akiwa na shahada ya kemia, na siku yake ya kwanza kazini aliona kasoro. Yakobo alikuwa ameziandika namba kuanzia chini kwenda juu, kama rula iliyosimamishwa, ilhali katika bureti ya kweli sifuri hukaa juu, kwa kuwa kinachopimwa ni maji yaliyotoka. Alisema. Akajibiwa kwamba rangi imeshakauka. Naye, mgeni kazini, akanyamaza.

Hayo aliyakumbuka Alhamisi ile, Mwalimu Mashimba, mkuu wa shule, alipomwita ofisini na kumtupia rundo la karatasi za mtihani wa majaribio wa kemia.

"Mama Kahigwa, soma mwenyewe. Wanafunzi thelathini na nane wameandika kipimo cha bureti ni ishirini na tano nukta nne. Jibu ni ishirini na nne nukta sita. Thelathini na nane! Hata ng'ombe wakienda kunywa maji hawafuatani hivyo."

"Na watatu waliobaki, Mkuu?"

"Wamepata. Ni wale waliohamia mwaka huu kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga. Hao ndio waaminifu. Wengine wote nawasimamisha Jumatatu kwa kunakiliana, wakajifunze kwa wazazi wao."

Mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki wiki tatu. Hasira ilimpanda Celestina. Kwa mtihani ule wa majaribio shule iliazima bureti kutoka shule jirani, ikazirudisha jioni ileile, huku zake zikilala kabatini kama bibi harusi aliyefichwa. Watoto walikishika chombo kile kwa mara ya kwanza siku ya kupimwa, na sasa wanaitwa wezi!

Alitoka bila kuaga, akaenda kusimama mbele ya ukuta. Kiranja wa darasa, Gladness Masele, alimkuta pale, macho mekundu.

"Shikamoo madam. Ni kweli tunafukuzwa?"

"Marahaba. Hebu niambie, ile siku ulisomaje bureti?"

"Maji yalikuwa juu ya ishirini na tano, madam. Nikahesabu vistari kutoka pale kwenda juu. Vinne." Alinyoosha kidole kwenye mchoro. "Si ndivyo ilivyo?"

Celestina alikifuata kidole chake hadi kwenye namba. Hasira iliyokuwa imemwelekea Mashimba ilimgeukia yeye mwenyewe, ikamuuma zaidi. Miaka minne amepita chini ya uongo ule akiwa na kitambaa cha vumbi mkononi. Shahada ilikuwa ya nini?

Alirudi ofisini. "Mkuu, fungua kabati. Watoto hawakuibiana. Nitakuonyesha."

"Wageni wanakuja mwezi ujao, vibandiko vikichubuka je? Ninyi Wahaya mmejaliwa maneno."

"Nanyi Wasukuma mmejaliwa kufuga hata vioo. Fungua, Mkuu, au Jumatatu nisimamishe na mimi."

Mashimba alicheka nusu, akaona mwenzake hacheki, akainuka.

Maabarani Celestina aliibana bureti kwenye stendi, akaijaza maji hadi sifuri, kisha akafungulia koki na kuyaacha yatiririke ndani ya flaski kavu. Alipoifunga alisogea kando.

"Soma. Weka jicho sawa na maji."

Mashimba, mwalimu wa historia, aliinama, akautazama ukuta, akaitazama bureti. Alihesabu kwa kidole. "Ishirini na tano... nukta nne."

Gladness, aliyekuwa mlangoni, aliziba mdomo kwa kiganja.

"Vizuri. Pipeti hii inabeba ishirini na tano kamili, haizidi. Kama umesoma sawa itajaa hadi alama, na tone libaki kwenye flaski." Alichomeka kifyonzeo cha mpira, akavuta. Maji yalipanda shingoni mwa kioo, yakaikaribia alama. Mara chini ukasikika mlio wa kufyonza hewa. Flaski ilikuwa tupu, na alama bado ilikuwa juu ya maji. "Haikujaa. Ilitoka ishirini na nne nukta sita. Namba zinaanzia juu, Mkuu. Na wewe umenakili kwa nani?"

Mashimba alipangusa paji la uso. "Basi," alisema hatimaye, "mashtaka nimeyafuta. Wasisimamishwe. Sasa kausha hivyo vyombo, uvirudishe kabla havijapata doa."

Ufunguo tayari ulikuwa mkononi mwake. Celestina aliutazama, na shukrani aliyokuwa akiiandaa ikamkauka kinywani. Mtu huyu alikuwa ameelewa kila kitu isipokuwa jambo lenyewe.

"Sirudishi," alisema. "Bureti ni ya kumiminia. Ya kutazamwa iko ukutani, na hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa. Gladness, waite wenzako wote."

"Na zikivunjika?"

"Zitavunjika. Andika jina langu."

Wanafunzi waliingia kwa woga, wakipisha njia ya mkuu wao aliyekuwa bado amesimama kando ya kabati. Celestina alizitoa bureti mojamoja, akizibandua vibandiko kwa kucha, akimkabidhi kila aliyenyoosha mikono. Ya mwisho ilipotoka, alimwomba Gladness awaonyeshe wenzake sifuri ilipo. Yeye alichukua msasa, akapanda juu ya stuli, akaanza kukwangua namba za Yakobo.

Rangi ilikuwa imekauka kweli. Alikwangua kwa nguvu zaidi.