Sekunde Kumi na Mbili za Wapagazi

Mimi si mtu wa kutunga. Mbele ya watu hata jina langu hunishinda kulitaja, sembuse uongo. Haya niliyaona mwenyewe hapa Tabora, tena saa nane mchana.

Shuleni tuliandaa igizo la misafara ya zamani. Mwalimu Rehema alinipa kazi ya taa kwa sababu jukwaani sauti haikutoka. "Kaa na kompyuta yako, bubu wangu," alisema, wenzangu wakacheka. Nilifurahi, niamini. Ilikuwa kazi pekee ya kuwa na watu bila kuongea nao.

Kwenye programu ya taa, kila badiliko lina namba na muda wake. Namba tisa: wapagazi wanane wanaondoka kwenda pwani, sekunde kumi na mbili, taa zinazimika zenyewe. Wenzangu walipokwenda kula nilibaki ukumbini kuipima. Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa vitambaa vyeusi.

Nikaona mzee amesimama jukwaani. Bega lake moja lilikuwa na sugu nene kama kisigino.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unatuzimia mapema?"

"Wapagazi ni wanane, babu."

"Hao wa mbele tu. Ngoja tupite wote."

Nikabonyeza namba tisa. Mwanga ukampiga, lakini ukutani nyuma yake hapakuwa na kivuli. Wewe ungefanya nini? Mimi nilibadilisha muda: taa zisizimike mpaka nibonyeze mwenyewe. Nilipoinua macho, jukwaa lilikuwa tupu.

Siku ya wazazi, wanane wakapita, wakatoka. Taa zikabaki. Kisha nikasikia miguu pekupeku, mingi, kwenye mbao zile tupu. Mama, aliyekuja kwa treni kutoka Igalula, alikaa mstari wa mbele. Nilimwona akipangusa vumbi kwenye kitenge chake.

"Zima!" Mwalimu alininong'oneza kwa hasira. "Umelala? Unatuaibisha!"

Maneno mawili tu yangetosha: bado wanapita. Mdomo ukagoma. Nikabonyeza.

Miguu ikasimama palepale. Haikuendelea, haikurudi. Watu wakapiga makofi.

Tangu siku hiyo, nikizima taa chumbani nasikia mtu akihamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine, anangoja. Dada yangu analalamika kwamba nalala taa ikiwaka. Hata yeye sijamwambia, nimeandika hapa tu. Basi wewe, ukiombwa kungoja, ngoja. Na kama una neno, liseme kabla ya kubonyeza.