Nyumba ya Udongo Iliyovalishwa Simenti

Nyanya yangu kule Matulo hakununua kuku kwa kuangalia rangi. Alikuwa anamgeuza juu chini, anampuliza manyoya ya kifua mpaka ngozi ionekane, na hapo mwenye kuku ameshaanza kununa. Sokoni walimcheka. Lakini sikumwona akirudi na kuku mgonjwa, isipokuwa yule jogoo mwekundu, na huyo alipewa bure, hadithi yake ni ndefu, wacha.

Sasa wewe kijana unayeniuliza juu ya nyumba kuukuu, ati unataka kuinunua uirekebishe pole pole, puliza manyoya kwanza.

Mtoto wa dada yangu alipata nyumba kama hiyo Kitale, miaka ile simu za mkono zimeanza kufika kwetu. Mama yake alikuwa Bungoma, kifua kinamsumbua, na nyumba yake inavuja. Kijana alitaka kumleta akae mahali pakavu, karibu na hospitali. Akanipeleka nikaione, kwa vile nimejengajenga maishani. Nikagonga ukuta wa nyuma kwa kidole. Tofali hulia. Huu ulinyamaza.

"Mjomba, si uingie ndani kwanza? Unapiga ukuta kama daktari wa ng'ombe."

"Huu ni udongo umevalishwa simenti," nikamwambia. "Maji yakiingia hayatoki. Wacha hii. Na kama huwezi kuiwacha, chimba mtaro huku nyuma kabla ya kitu kingine."

Akanunua. Akaanza na mabati mapya na rangi, ili mama akifika aone nyumba inang'aa. Mtaro ungengoja. Na kweli dada yangu alifika, akazunguka akishika kuta, akasema hajawahi kulala mahali pazuri hivi. Kitanda chake kikawekwa upande wa nyuma, mbali na kelele za barabara.

Mvua ya Kitale unaijua. Rangi ilitoka malengelenge, blanketi zikanuka uvundo, kifua kikazidi. Kabla mahindi hayajakomaa tulimrudisha Bungoma ndani ya sanduku, tukamzika kwake.

Baada ya matanga nilienda na kijana Kitale kuchukua vitu vya mama. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeanguka. Kitanda kinaonekana kutoka nje, mabati yanang'aa juu yake. Nikasema tufunike na turubai, tuokoe hata mbao. Aliweka ufunguo dirishani, akashuka kwenda barabarani bila haraka, na hajarudi pale mpaka leo.