Dobi Aliyeanika Kurasa Kumi na Nne

Je, msomaji wangu, umeandika kurasa kumi na nne kwa mkono wako, kisha unaambiwa ubakize mmoja. Ungekubali?

Saa moja asubuhi, uani kwake, dobi ameshaanika mashuka manne ya wateja. Kwenye kamba ya pili ameanika hadithi yake, kila ukurasa na kibanio chake. Mhariri wa gazeti la Jumapili amemjibu kwamba anatoa nafasi ya maneno mia mbili tu.

"Mia mbili!" anasema dobi, akikung'uta foronya. "Salamu zangu peke yake ni mia tatu."

Hadithi ni ya gauni la harusi lililoungua miaka sita iliyopita, alipokuwa akipiga pasi na dada yake. Mwenye gauni alimlaumu dada, naye dada akaacha kazi. Tangu hapo hawasemezani, ingawa dada anakaa mtaa wa pili.

"Dada husoma gazeti zima, hadi matangazo ya misiba. Akiniona humo, labda atanifungulia mlango."

Mpimaji ni mumewe, fundi baiskeli. Dobi anatoa ukurasa, anasoma zilizobaki. Mume asipouliza "Ikawaje?", ukurasa huo haurudi kambani.

Wa mvua umeondoka. Wa bei ya mkaa umeondoka. Sasa ni zamu ya ukurasa wa tisa.

"Huo uache," anasema mume.

"Unahusu suruali yako ya bluu, baba watoto."

"Ndiyo utamu wenyewe!"

Umeondoka. Mume ananuna, chai yake inapoa.

Kufika saa tatu umebaki ukurasa mmoja unaopepea: moshi, kelele za mwenye gauni, machozi ya dada.

"Sawa," anasema mume. "Lakini nani aliliunguza?"

Dobi anaitazama kamba. Katika kurasa zote kumi na nne hakuliandika hilo.

"Niliandika hadi mbu aliyeniuma siku ile," ananiambia, "ila hilo nililizunguka."

Anachukua penseli iliyotafunwa kichwani, anaongeza mstari mmoja. Kisha anavua aproni. Jumapili ni mbali, anasema.

Dada anafungua mlango kidogo, mwiko mkononi.

"Sema upesi, nina sufuria jikoni."

Njia nzima dobi amekuwa akipanga salamu. Anaziacha zote.

"Dada, gauni nililiunguza mimi."