Vigoda Vilivyoingizwa Ndani

Nilikuwa kidato cha nne, zimebaki wiki tatu tufanye mtihani, mafuta ya maganda ya korosho yaliponiunguza mkono wa kulia nikibangua nyumbani kwetu Nambambo. Mkono ulivimba hadi vidole vikagoma kukunjika. Nililia, si kwa maumivu, bali kwa sababu ya kalamu.

Majirani wakaja kunipa pole, na kwetu mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Huyu alileta majivu, yule majani yaliyotwangwa, mwingine dawa ya meno. Wote walinipaka kwa upendo, na mkono ukazidi kuvimba. Siku ya nne mama alikiosha kidonda, akaingiza ndani vigoda vyote walivyokalia wageni uani, kisha akasimama mlangoni. "Pole zimefika," aliwaambia. "Mwacheni apone." Shangazi, dada yake baba, alikuwa ametoka Nkowe kwa baiskeli na chupa yake ya dawa. Hakukuta pa kukaa. Aligeuza baiskeli bila kuaga.

Mtihani niliufanya. Niliandika polepole, lakini niliandika.

Miaka ya elfu mbili, chuoni, mwalimu alitufundisha jinsi seli nyeupe za damu zinavyoitwa kwenye jeraha. Jeraha hutoa kemikali, na seli huzinasa kwa vipokezi vilivyo juu ya uso wake. Zikiitwa bila kikomo, uvimbe hauishi. Kwa hiyo protini iliyomo ndani ya seli hukishika kipokezi mkiani, kikavutwa ndani, na seli ikaacha kusikia mwito. Baadaye vipokezi vingine hurudishwa juu. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi nilicheka peke yangu, maana niliviona vigoda vya mama.

Likizo nilimsimulia, nikamshukuru. Alisikiliza hadi mwisho.

"Vyangu nilivirudisha nje wiki ileile," akasema. "Shangazi yako mpaka leo hajaja kukaa."

Sikuwa najua. Kumbe mkono wangu ulimgharimu mama wifi yake, na miaka yote hakunung'unika. Kesho yake nilifunga kigoda kimoja nyuma ya baiskeli, nikashika njia ya Nkowe. Shangazi alikuwa uani akianika mihogo. Alikitazama kigoda kwanza, ndipo akanitazama mimi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu nione huo mkono."